Kwa Wasubu Shaba wa Igun

Sanamu niliyotaka kuiona kwanza nchini Nigeria iko Lagos, mtaa wa Onikan, kwenye Makumbusho ya Taifa. Inaitwa Anyanwu. Ni mwanamke wa shaba, mwembamba, mrefu kupita kimo cha binadamu, kiwiliwili kimepinda kidogo, na kichwani amevaa kofia ya marijani ya wanawake wa kifalme wa Benin. Aliyeitengeneza anajulikana vizuri. Ni Ben Enwonwu, aliyezaliwa Onitsha mwaka 1917. Baba yake alikuwa mchonga sanamu. Yeye akasomea London na Oxford, kisha akarudi kuwa mshauri wa serikali katika mambo ya sanaa. Anyanwu aliitengeneza mwaka 1954 na 1955. Nigeria iliupa Umoja wa Mataifa sanamu nyingine ya umbo hilo mwaka 1966, nayo iko New York mpaka leo. Enwonwu ndiye aliyemfanyia Malkia Elizabeth sanamu ya shaba iliyoonyeshwa mwaka 1957, na wapo Waingereza waliong'aka kwamba amempa malkia wao sura ya Kiafrika.

Nilisimama pale muda mrefu, maana nilikuwa nimeisubiri tangu nikiwa kijana Mombasa, nilipoiona pichani katika kitabu cha maktaba. Kisha nikaingia ndani ya makumbusho kutazama vichwa vya shaba vya Benin vya zamani. Hapo ndipo safari yangu ilipopata swali lake. Vibao vilitaja ufalme, vilitaja karne, lakini jina la fundi halikuwapo. Kofia ile ya marijani Enwonwu hakuibuni. Kuna mtu, miaka kama 500 iliyopita, aliyeitengeneza kwa nta shanga kwa shanga, akaisubu, na kazi yake ikaja kumfundisha Enwonwu. Mtu huyo alikuwa na nyumba, na nyumba hiyo ilikuwa na mtaa. Mtaa upo bado. Nilikuwa nimekuja Afrika ya Magharibi kwa mara ya kwanza ili niufikie.

Kutoka Lagos hadi Benin City ni mwendo wa kilomita kama 300 kuelekea mashariki. Basi liliondoka alfajiri, na kabla halijatoka kituoni mhubiri alisimama mbele ya abiria akatuombea safari kwa sauti kubwa, basi zima likaitikia amina, na mimi Mwislamu wa pwani nikaitikia pamoja nao kwa moyo mmoja. Barabara hupita Ijebu-Ode, kisha Ore, mji ambao kila msafiri wa njia hii anaujua kwa sababu mabasi husimama hapo watu wale. Nilikula eba na supu ya ogbono, nikanawa, tukaendelea. Msitu ulizidi kuwa mnene na udongo ukazidi kuwa mwekundu.

Niseme mapema, kwa sababu wengi kwetu huchanganya: Benin City haiko katika Jamhuri ya Benin. Iko Nigeria, ni makao makuu ya Jimbo la Edo, na ndio mji wa ufalme wa kale wa Waedo ambao mfalme wao, Oba, bado yuko katika kasri lake. Katikati ya mji kuna mzunguko mkubwa wa barabara, na katikati ya mzunguko huo kuna makumbusho. Magari huzunguka hapo mchana kutwa. Hatua chache tu kutoka hapo, nyuma ya maduka na waya za umeme, ndipo palipotokea jambo ambalo mtu wa pwani yetu anapaswa kulijua kuliko anavyolijua sasa.

Tunakumbuka vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipolipiga kasri la Sultani na kumtoa Sayyid Khalid bin Barghash kwa muda usiofika saa moja. Mkuu wa manowari zile alikuwa Admirali Harry Rawson, na bendera yake ilipepea kwenye meli iliyoitwa St George. Mwaka mmoja kabla ya hapo, huyo huyo Rawson alipanda kutoka Mombasa hadi Mwele kuivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid wa Wamazrui. Na mwezi Februari 1897, haijapita hata nusu mwaka kamili tangu Unguja, Rawson na St George walikuwa upande wa pili wa bara, wakiongoza wanajeshi kama 1,200 kuuteka mji wa Benin. Sababu iliyotolewa ni kuuawa kwa msafara wa naibu balozi James Phillips mwezi Januari, msafara ulioambiwa usije kwa kuwa Oba alikuwa katika ibada za mwaka, nao ukaja. Mji uliingiwa tarehe 18 Februari na kuteketezwa. Oba Ovonramwen alihamishiwa Calabar, akafia huko mwaka 1914. Maelfu ya vitu vilitolewa katika kasri: vichwa vya wafalme, mapembe ya ndovu yaliyochongwa, mabamba ya shaba yaliyokuwa yakipamba nguzo za ukumbi. Vikauzwa London, na sehemu ya fedha ikaenda kulipia gharama za vita.

Nililisoma jina la Rawson katika chumba changu cha hoteli usiku, nikafunga kitabu, nikakaa macho. Nimepita mara nyingi mbele ya bahari ya Forodhani, Unguja, bila kujua kwamba mkuu wa mizinga iliyopiga pale ndiye aliyekwenda kuuteka Benin.

Asubuhi nilikwenda mtaa wa Igun. Unaanzia barabara ya Sakponba, una lango lake, na ukishapita lango unajua umeingia mahali penye kazi moja tu. Huku na huku ni vibanda vilivyojaa shaba: chui, jogoo, askari wa Kireno mwenye bunduki, vichwa vya malkia, sahani za kuning'iniza ukutani. Nyuma ya vibanda kuna nyua, na nyuma ya nyua kuna moshi. Kwa simulizi ya Waedo, kazi hii iliingia mjini wakati wa Oba Oguola, mwishoni mwa karne ya 13, alipomwomba mtawala wa Ife ampelekee msubu shaba. Aliyeletwa aliitwa Igueghae. Kumbe basi jina la fundi lipo! Halikuandikwa kwenye kibao cha makumbusho, lakini Igun wanalitaja hadi leo kwa heshima wanayostahili mababu. Chama cha wasubu, Igun Eronmwon, kina mkuu wake mwenye cheo cha urithi, na tangu zamani mtu hakujiunga nacho kwa kupenda tu. Alizaliwa ndani yake, mwanamume kwa mwanamume. Kwa karne nyingi walifanya kazi kwa ajili ya Oba peke yake.

Mzee aliyenipokea alikuwa ameketi kwenye kigoda kifupi chini ya paa la bati, mikono imelowa maji. Nilimwita Baba, kama walivyomwita vijana wake, na yeye akaniita mwanangu. Tulizungumza kwa Kiingereza chao cha mtaani, na pale kiliponishinda mpwa wake alinisaidia. Nilimwomba ruhusa ya kuandika jina lake. Alikataa. Alisema niandike Igun, inatosha, kwa maana kazi inayotoka katika ua ule ni ya nyumba nzima, ya waliokufa na waliopo. Wapo jirani zake wanaotia sahihi chini ya sanamu zao, hasa vijana, na hakuwalaumu. Yeye hajawahi. Nilitoka Lagos nikidhani kwamba kukosa jina ni dhuluma moja tu, ile ya makumbusho. Pale uani nikaelewa kwamba ziko namna mbili za kutokuwa na jina, na moja kati yake mtu huichagua kwa fahari.

Kazi iliyokuwa mikononi ni kichwa cha Oba, kimo cha dhiraa moja, kilichoagizwa na mtu wa Abuja. Kiini chake kilikuwa tayari: udongo mwekundu wa Benin uliochujwa mawe, ukakandwa na mchanga, ukafinyangwa kwa umbo la kichwa na kuachwa kivulini ukauke polepole, kwa sababu jua huupasua. Juu ya kiini hicho Baba alikuwa akivika nta. Aliipasha moto kwenye kikaango juu ya makaa, akaitandaza kwenye ubao kwa mti mviringo, akalowesha mikono ili isimng'ang'anie, akaifunika juu ya udongo na kuipapasa mpaka ikashika. Unene wa nta ndio utakaokuwa unene wa shaba. Vichwa vya kale vilivyo bora kabisa vina unene wa milimita chache tu, na alinionyesha kwa kucha ya kidole gumba jinsi anavyoupima: anabonyeza, anatazama, anaongeza au anakwangua. Hakutumia rula hata mara moja.

Mpwa wake alikuwa akitengeneza marijani. Anaviringisha uzi wa nta, anaukata vipande sawasawa kwa kisu kilichopashwa moto, anapachika kipande kimoja kimoja kuzunguka shingo ya Oba, safu juu ya safu hadi kidevuni. Macho hutengenezwa mwisho. Nilikaa nao siku kadhaa, na kwa kweli sehemu kubwa ya muda huo niliutumia kutazama shanga zikipachikwa. Ningekaa zaidi.

Nta ikishakamilika, huongezewa vijiti vya nta vitakavyokuwa njia za kuingilia shaba na kutokea hewa. Halafu unakuja udongo wa kwanza, mlaini, uliokorogwa mwepesi kama uji wa mgonjwa, unaopakwa kwa unyoya ili uingie katika kila mkunjo wa sikio na kila tundu la ushanga. Ukikauka unapakwa mwingine, kisha mwingine mzito zaidi, na mwishoni kalibu nzima hufungwa waya isije ikapasuka. Inageuzwa juu ya moto, nta inayeyuka na kutiririka nje, nao wanaikinga ili waitumie tena. Kinachobaki ndani ya udongo ni nafasi tupu yenye sura ya Oba.

Siku ya kusubu watu wa ua ule walikuwa wachache wa maneno. Baba alisimama kwanza mbele ya madhabahu ya Ogun, mwenye vyuma vyote, akaweka kokwa za kola na kusema maneno ya Kiedo ambayo sikuyaelewa. Nilisogea kando kwa adabu. Tanuri lao ni shimo ardhini. Zamani walivukuta kwa mivukuto ya ngozi, sasa wana feni ya umeme, na umeme ukikatika, jambo la kila siku, jenereta hunguruma. Ndani ya chungu cha kuyeyushia niliona koki za maji zilizovunjika, vipande vya rejeta za magari, vitasa vya milango. Shaba ya Igun ni ya vyuma chakavu. Nayo haikuwa tofauti sana enzi za wafalme. Wareno walipofika mwishoni mwa karne ya 15 walileta bangili nzito za shaba zilizotumiwa kama fedha, na Igun waliziyeyusha. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulilinganisha risasi iliyomo katika bangili hizo na ile ya kazi za Benin, ukaonyesha kwamba madini yale yalichimbwa Ujerumani, katika nchi ya mto Rhine. Bangili hizo hizo zilinunulia watumwa. Shaba inayong'aa katika mabamba yale ina historia hiyo ndani yake, na sidhani ni haki kuisifu kazi na kulificha hilo.

Watu huziita kazi hizi bronzi za Benin, lakini nyingi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, yaani shaba ya njano. Inayeyuka katika joto la nyuzi zaidi ya 900 za Selsiasi, na pale uani hakuna kipimajoto. Baba alitazama rangi ya mwali. Ulipogeuka kijani, na moshi mweupe wa zinki ukaanza kupanda, aliinua mkono. Vijana wawili walikinyanyua chungu kwa koleo ndefu, wakainama juu ya kalibu zilizofukiwa, wakamimina. Kumimina hakuruhusiwi kukatika. Shaba ikisita katikati hufanya mshono, na mshono huo hauondoki. Kazi ya wiki nyingi iliamuliwa kwa muda wa pumzi chache, na nikajikuta nimeshika ukingo wa ukuta kwa mikono miwili.

Kalibu ilivunjwa kesho yake kwa nyundo ndogo. Hiyo ndiyo sababu hakuna sanamu mbili za Igun zilizo sawa: udongo huvunjwa, na kazi inayofuata huanza upya kwa nta. Kichwa kilitoka cheusi, kina magamba ya udongo na vijiti vya shaba vimechomoza kila upande. Sikio la kushoto lilikuwa na tundu, hewa ilikuwa imenaswa. Baba alilipitisha kidole, akasema litazibwa. Kando ya ukuta palikuwa na rundo la zile zisizozibika, chui asiye na taya, malkia aliyejaa nusu uso, zote zikisubiri kurudi chunguni. Zilizosalimika zinakwenda kwenye tupa, patasi na mchanga, na hapo kazi huwa ndefu kuliko mahali popote.

Jioni moja, wakati wa kusugua, alinionyesha kitabu. Kilikuwa kitabu kikubwa cha picha, kimechapishwa Ulaya, kurasa zimeng'oka na kujaa alama za vidole vya udongo. Ndicho mwalimu wao. Baada ya 1897, Oba Eweka II aliporudishiwa kiti mwaka 1914, alilijenga upya kasri na kuvihuisha vyama vya mafundi, naye mwenyewe alikuwa na mkono wa usanii. Lakini mifano iliyokuwa ikiwafundisha vijana wa Igun ilikuwa imeshakwenda London, Berlin na kwingineko. Kwa zaidi ya miaka 100 wajukuu wamejifunza kazi ya babu zao kutoka picha zilizopigwa na wageni. Na picha, aliniambia Baba, huonyesha uso. Anachotaka kukiona ni ndani ya kichwa, upande wa kiini, mahali ambapo fundi wa kale aliacha alama za vidole na mabaki ya udongo, ili ajue waliwezaje kuisubu nyembamba vile. Hilo huwezi kulijua mpaka ukigeuze kitu juu chini mkononi mwako.

Nimesoma mengi juu ya kurudishwa kwa vitu hivi. Chuo cha Jesus cha Cambridge na Chuo Kikuu cha Aberdeen vilirudisha kimoja kimoja mwaka 2021. Ujerumani ilikubali mwaka 2022 kuhamisha umiliki wa zaidi ya vitu elfu moja, na mwezi Desemba mwaka huo vitu 20 vilikabidhiwa Abuja. Uholanzi ilifuata mwaka 2025 kwa vitu 119. Jumba la Makumbusho la Uingereza lina vitu zaidi ya 900 vya Benin, na hujibu kwamba sheria ya mwaka 1963 inalizuia kuvitoa. Mwaka 2023 serikali ya Nigeria ilitangaza kwamba mwenye vitu hivyo ni Oba. Katika mabishano hayo yote, juu ya mwenye hati, juu ya jengo, juu ya kabati za vioo, sikuwahi kusoma mtu akimuuliza msubu wa Igun anavihitaji kwa kazi gani. Naamini vyote virudi, na naamini hivyo kwa nguvu zaidi tangu nilipokaa katika ua ule. Vikirudi, fundi awe wa kwanza kuitwa, apewe meza, taa na muda wa kuvigeuza.

Siku yangu ya mwisho nilimwonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa siwa ya Lamu, ile ya shaba, iliyoko katika Makumbusho ya Lamu pamoja na ile ya Pate ya pembe za ndovu. Nilimweleza kwamba ni baragumu ya watawala wetu, hupulizwa kwa ubavu, ililia katika kutawazwa kwa wakubwa na katika harusi za watu wa ukoo. Aliipokea simu, akavaa miwani, akaikuza picha mpaka nakshi zikajaa kioo. Alimwita mpwa wake, kisha jirani, wakainama watatu. Walizungumza Kiedo kwa muda, vidole vikipita juu ya mpindo wa baragumu. Baba aliniambia kwamba hiyo ni nta, hakuna shaka, na kama angepewa yeye kazi ile asingeisubu kwa mkupuo mmoja. Angeigawa vipande, na angehofia zaidi pale inapopinda, kwa kuwa kiini cha ndani hupenda kusogea hapo na kuacha upande mmoja mnene na mwingine karatasi. Akauliza ni nyumba gani inayoshika kazi hiyo Lamu sasa. Nilimjibu kwamba siijui nyumba hata moja, kwamba tunao mafundi wa mbao na wa fedha, na kwamba siwa tumebaki nayo ndani ya kioo. Hakusema pole. Alichukua kipande cha mkaa akachora baragumu kwenye ubao wa nta, akatia alama mahali patatu, mdomoni, kwenye mpindo na karibu na tundu la kupulizia, akaniagiza nikifika Lamu niwaombe wenye makumbusho wanipimie unene wa shaba mahali hapo, na kama wataniruhusu, nimulike tochi ndani nipige picha.